Darubini Iwe ya Mwisho Kuguswa

Katika msimu wangu wa kwanza wa kazi kambini, upande wa Liwale, nilimaliza risasi 23 za mgeni nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo. Bunduki ilikuwa ya bolti, yaani ya kuingiza kila risasi kwa mkono, fupi, ya kaliba ya .308, na darubini yake ndogo ilifungwa mbele ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, badala ya juu yake, aina ambayo Wamarekani huiita Scout na ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuishika. Ilikuwa imesafiri kwa ndege hadi Dar es Salaam, ikaja kwa gari hadi Nachingwea, na kutoka hapo ikatikiswa katika vumbi na makorongo siku nzima. Kwa umbali wa mita 25 ilipiga vizuri. Tulipoipeleka shabaha hadi mita 100, tundu la kwanza lilikuwa juu kulia, nami nikazungusha kifundo cha darubini. La pili likawa chini kushoto, nikazungusha tena. La tatu sikuliona kabisa kwenye karatasi. Niliendelea hivyo hadi mgeni akaanza kuhesabu maboksi yake kwa macho.

Kando yetu alikuwa amechuchumaa mzee mmoja wa Kingindo, mfuata nyayo wetu, ambaye muda wote hakusema neno. Nilipofungua bolti, nikaiweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili nifute jasho, alisogea akaishika darubini kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. "Mjukuu wangu," akasema, "hiki kitu kinacheza." Skrubu ya pete ya mbele ilikuwa imelegea. Tuliikaza, na risasi tatu zilizofuata zikakaa katika eneo ambalo ungelifunika kwa kiganja, ingawa zilikuwa mbali sana na katikati kwa sababu ya vurugu niliyoifanya kwenye vifundo.

Aibu ile ilinikaa kwa sababu sikuwa mgeni wa silaha. Kabla ya kuingia kambini nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka tisa, sehemu kubwa ikiwa katika Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, kandokando ya Mto Ruvuma, nikibeba bunduki ya kujijaza, inayojiingizia risasi inayofuata yenyewe, ambayo sisi tuliijua kwa jina la SAR. Nilichokikosa ni utaratibu. Tangu siku ile nimejiwekea kanuni moja ambayo naifuata hata mgeni anapokuwa na haraka: darubini ndiyo ya mwisho kuguswa. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi ninavyoitumia kanuni hiyo, kwanza kwa bunduki yangu mwenyewe na za wageni, kisha kwa bunduki za kujijaza. Ninachukulia kwamba msomaji ana kibali chake kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwamba hahitaji kubadilisha namna silaha inavyofyatua, jambo ambalo silizungumzii hapa wala kwingineko.

Aliyeipa Scout jina na vipimo ni Jeff Cooper, luteni kanali wa kikosi cha Marine cha Marekani, aliyeanzisha shule ya shabaha ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976. Yeye na wenzake walikaa mwaka 1983 wakajiuliza ni bunduki gani mtu mmoja atembeaye kwa miguu angeichagua kama angeruhusiwa kuwa na moja tu. Jibu lao lilikuwa bunduki isiyozidi urefu wa mita 1, yenye uzito wa kilo 3 pamoja na darubini na mkanda wake, na ikishindikana kabisa basi isivuke kilo 3.5, kaliba yake iwe .308, na darubini yake ikuze mara 2 au 3 tu, ikae mbele kiasi cha sentimita 25 kutoka kwenye jicho. Kampuni ya Steyr ya Austria ndiyo iliyomtengenezea Cooper bunduki aliyoitaka, mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ruger ya Marekani ikafuata na yake mwaka 2011. Wazo la kuisogeza darubini mbele halikuwa geni. Wajerumani walikwisha kuifunga darubini ndogo ya ZF41, inayokuza mara moja na nusu, juu ya bunduki zao za Mauser katika Vita vya Pili vya Dunia, ingawa wao hawakuipenda sana.

Mimi nimeipenda, na sababu ni miombo. Katika mapori yetu ya kusini, hasa kabla moto wa Julai haujala nyasi, mnyama huonekana kwa sekunde chache kati ya shina na shina, kwa umbali wa mita 40 au 80, na mtu mwenye darubini kubwa ya kukuza mara 12 huona majani yaliyojaa kioo chote asijue swala yuko upande gani. Darubini iliyo mbele unaitazama macho yote mawili yakiwa wazi, pori linabaki pori, na alama ya msalaba inaelea juu ya kile ulichokuwa unakitazama tayari. Isitoshe, mkono unaibeba bunduki katikati, mahali pa uzani wake, bila kugusa kioo. Kwa nyati siizungumzii. Huko ni kazi ya kaliba ya .375 na kuendelea.

Bunduki yangu mwenyewe haikuzaliwa Scout. Ni ya bolti, nimeimiliki kwa kibali kwa miaka mingi, na nilipoanza kuibadilisha nilifanya kosa la kila mtu, yaani kuongeza. Niliongeza miguu miwili ya mbele, kifuko cha risasi kwenye kitako, darubini nzito, na mpira mnene wa bega. Siku moja niliitundika kwenye mizani ya kuning'iniza ambayo hupimia korosho zangu, nayo ikasoma kilo 4.6. Nilikaa barazani nikaitazama, nikaanza kuvua kimoja kimoja. Miguu ilitoka kwanza, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kulala kifudifudi porini nikampiga mnyama, nyasi hazikuruhusu. Darubini nzito nikaiuza. Kilichobaki, pamoja na darubini ndogo na mkanda, ni kilo 3.6, gramu 100 juu ya kikomo cha Cooper, nami nimeridhika.

Kitako, yaani mbao yote inayobeba bunduki, ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi, na nafikiri watu hukidharau. Bunduki nyingi za kiwandani zina kitako kirefu kwa mtu wa kimo changu, hivyo ukivaa koti la asubuhi kinanasa kwapani wakati wa kuinua. Jaribio langu ni rahisi: bunduki ikiwa tupu na imehakikiwa kuwa tupu, nafumba macho, naiinua begani, nafumbua. Ikiwa alama ya msalaba ipo na duara la kioo limejaa bila mimi kuvuta shingo, kitako kinanifaa. Changu nilikipunguza mara mbili. Baadaye nilitengenezewa kipya na fundi seremala wa Masasi, na hapo ulizuka ubishi, maana rafiki yangu mchonga vinyago alisisitiza kitako kiwe cha mpingo. Mpingo ni mti wa heshima kwetu, na dunia nzima inaujua kwa zumari zake, lakini mti unaozama majini ukiwekwa kwenye maji si mti wa kubebea bunduki nyepesi. Tulitumia mninga uliokauka vizuri, ambao hauvimbi wala kujikunja sana majira yanapobadilika, na ili rafiki yangu asinune nikakubali kipande cha mpingo, ukubwa wa kidole gumba, kwenye ncha ya mbele.

Mkanda wa ngozi ya ng'ombe alinishonea fundi viatu, nao nausifu kuliko kitu kingine chochote nilichokiongeza. Una vishikizo vitatu badala ya viwili, kwa namna ambayo Cooper aliipendekeza, hivyo mkono wa kushoto unaingia kwenye kitanzi kwa tendo moja na bunduki inabana begani. Nikiwa nimeketi na mkanda umekaza, eneo la matundu yangu kwa mita 100 hupungua hadi karibu nusu ya lile la kuketi bila mkanda. Hakuna darubini iliyowahi kunifanyia hivyo.

Sasa kuhusu kurekebisha shabaha, au kuziro, kama tulivyozoea kusema kazini. Naanza na skrubu, zote, nikiwa na bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Skrubu za kitako kwanza, kisha za msingi wa darubini, kisha za pete. Pete ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa takriban niutoni-mita 2 tu, na nguvu za mkono wa fundi baiskeli huziponda au huminya bomba la darubini; ndiyo maana nilinunua spana ndogo yenye kipimo, ghali kuliko nilivyotaka. Baada ya kukaza, nachora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika baada ya safari, najua kilichotokea kabla sijachoma risasi hata moja. Binti yangu amenizuia kutumia chupa yake nyekundu, kwa hiyo bunduki za kambi yetu zina alama za waridi.

Baada ya skrubu huja mtutu. Kwa bunduki zilizotengenezwa ili mtutu usiguse mbao, napitisha noti ya shilingi 1,000 kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele. Ikikwama, mbao imevimba kwa unyevu au kitako kimepinda, na risasi zitahama kadiri mtutu unavyopata joto. Hili hutokea zaidi kwa bunduki zilizokaa masika nzima Lindi mjini au Mtwara, karibu na bahari. Kisha nafuta mafuta yote ndani ya mtutu, kwa sababu risasi ya kwanza kupita kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi haiendi pamoja na nyingine. Natazama pia mdomo wa mtutu kwa tochi: mkwaruzo mdogo pale, ambapo risasi huagana na bunduki, huharibu zaidi ya uchakavu mkubwa ulio katikati.

La tatu ni risasi zenyewe. Bunduki iliyorekebishwa kwa kichwa cha greni 150, yaani karibu gramu 9.7, haina ahadi yoyote na kichwa cha greni 180, hata kama kaliba ni ileile na boksi limetoka kiwanda kilekile. Nimewaona wageni wakirekebisha kwa risasi za bei nafuu ili waokoe zile nzuri, kisha kesho yake wanashangaa. Risasi utakayowindia ndiyo ya kurekebishia.

Uwanja wetu ni sehemu iliyofyekwa yenye kichuguu kikubwa nyuma ya shabaha, kirefu kuliko mtu na kipana kuliko gari, ambacho humeza kila kitu. Kabla ya kuanza, mtu mmoja hutembea hadi nyuma ya kichuguu na kurudi, maana warina asali na wakata mianzi hawapigi hodi. Tunafyatua kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Baada ya hapo hewa juu ya ardhi huanza kuchezacheza na shabaha inayumba kama ipo ndani ya maji.

Naanza kwa mita 25, na bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mfuko ukiwa chini ya sehemu ya mbele ya kitako na kamwe usiwe chini ya mtutu. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (dakika 60 hufanya digrii moja) kwa kila kliki, yaani kila mlio mdogo wa kifundo kinapozungushwa, ambayo kwa mita 100 ni karibu milimita 7, na kwa mita 25 haifiki milimita 2. Kwa hiyo kosa la sentimita 3 karibu ni kliki 16 au 17, na mtu akisahau hesabu hii huzungusha kliki 4 akasema darubini imekufa. Nafyatua risasi tatu, sigusi kitu, natembea hadi kwenye karatasi, na natafuta kitovu cha matundu yote matatu. Hapo ndipo naruhusu mkono kufika kwenye darubini. Kitovu kikishafika katikati kwa mita 25, nahamia mita 100 na kutaka kitovu kikae sentimita 5 juu ya nilipolenga; kwa .308 ya greni 150 hali hiyo huifanya risasi irudi kwenye mstari wa kulengea karibu na mita 200, na mahali popote kabla ya hapo mwindaji analenga katikati ya bega bila kupiga hesabu. Mtutu mwembamba wa Scout huchoka haraka, hivyo baada ya risasi tatu naacha bolti wazi hadi niweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuuachia.

Ni lazima niseme ubaya wa darubini ya mbele, maana wanaoiuza hawausemi. Jua likiwa chini nyuma yako, asubuhi au jioni, mwanga huingia kati ya jicho na kioo, na badala ya mnyama unaona weupe. Wakati wa magharibi pia haivuti mwanga kama darubini kubwa. Kofia yenye ukingo mpana hupunguza tatizo kidogo. Kwa sababu hiyo sijaviondoa vilengeo vya chuma kwenye bunduki yangu, na navirekebisha vilevile kwa risasi tatu, darubini ikiwa imevuliwa, na kipimo chake nakiandika.

Kuhusu bunduki za kujijaza, mwaka jana mpwa wangu anayeishi Texas alinipigia simu. Huko raia hununua SKS, ambayo ndiyo SAR yetu: kaliba ya 7.62x39, muundo wa Simonov, mbunifu wa Kisovieti, wa mwaka 1945, risasi 10. "Shikamoo mjomba," akasema, "nimeifunga darubini na haikai." Nilimuuliza ameifunga wapi. Alikuwa ameifunga kwenye kifuniko cha juu cha bunduki, ambacho ni bati linalovuliwa wakati wa kusafisha na linalorukaruka kila bolti inapokwenda na kurudi. Hakuna skrubu itakayoponya hilo. Nilimshauri avue kile kitu na kufunga reli fupi mahali pa kilengeo cha nyuma, juu ya chuma kigumu kilicho mbele ya chemba, na kuweka darubini ya Scout hapo. Bunduki za kujazwa kwa juu zinahitaji hivyo hata bila hoja ya shabaha, kwa sababu darubini iliyo juu ya chemba huzuia njia ya risasi. Wamarekani walipata tabu hiyo kwa Garand, bunduki ya kujijaza ya jeshi lao, wakaishia kuifunga darubini pembeni kushoto. Cooper mwenyewe alisema kwamba bunduki ya kujijaza yenye wepesi na ufupi wa kutosha ingefaa kufikiriwa kuwa Scout, ingawa SKS, yenye kilo karibu 4, haifiki.

Alitaka pia kuipiga msasa triga ili iwe nyepesi. Nilikataa kwa ukali ambao dada yangu aliusikia kutoka jikoni. Kwenye bunduki ya bolti fundi mzuri anaweza kurekebisha triga. Kwenye ya kujijaza, vipande viwili vya ndani vinavyoizuia isifyatuke vikishikana kwa milimita pungufu, bunduki inaweza kufyatuka bila kidole au kuendelea kufyatuka kidole kikiwa kimeachia. Nikamwambia afanye kazi yenye faida badala yake: aivue bolti, aitikise karibu na sikio, asikilize kama pini ya ndani inagonga huku na huku. Pini ya SKS nyingi haina springi, na ikinata kwa grisi ya ghalani inaweza kuchomoza na kuilipua risasi bolti inapojifunga. Sisi tulikuwa tukitikisa bolti zetu kila tulipozisafisha.

Kwa vilengeo vya chuma vya SAR, kanuni tuliyofundishwa ni kwamba cha mbele hufuata kosa: risasi ikienda kulia, kilengeo cha mbele nacho kinasukumwa kulia, risasi ikiwa juu, kinapandishwa juu. Singe ikikunjuliwa, risasi huhama, hivyo rekebisha katika hali utakayobeba. Na risasi ya kwanza, ile unayoiingiza kwa mkono, mara nyingi hutengana kidogo na zile ambazo bunduki imejijazia yenyewe, kwa hiyo naiwekea alama yake kwenye karatasi na siihesabu pamoja na nyingine. Muhimu ni kuiachia bolti ijifunge kwa nguvu yake yenyewe kila mara, bila kuisindikiza.

Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki, kile kiwashio kidogo kilicho nyuma ya ganda, inayoacha chumvi ndani ya mtutu na kwenye bomba la gesi, ambalo hupitisha msukumo wa kuijaza bunduki upya. Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inataka maji ya moto kwanza, kukausha, kisha mafuta, siku ileile. Wenzetu walioahirisha hadi kesho walikuta bomba la gesi limeota kutu ya rangi ya machungwa, na bunduki yenye bomba hilo hukwama au huvuta ganda nusu.

Jumamosi iliyopita nilifanya ukaguzi wa katikati ya msimu. Mistari ya waridi ilikuwa mizima isipokuwa mmoja, wa skrubu ya nyuma ya kitako, ambao ulikuwa umekatika kwa upana wa unywele. Nilikaza, nikachora upya, nikafyatua tatu kwa mita 100: mbili zilishikana, ya tatu sentimita 3 kushoto, na hiyo naijua ilikuwa pumzi yangu. Kitovu kilikuwa sentimita 4.5 juu. Niliandika tarehe, saa na namba ya boksi la risasi kwenye daftari, nikaziba mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe dhidi ya vumbi, na vifuniko vya vifundo vya darubini sikuvifungua.